Kimashine cha kushtua misuli ya tumbo: miezi saba nacho nyumbani Nkuhungu

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kimashine chenyewe shilingi 210,000, kutoka duka la vifaa tiba Kariakoo, nikaletewa Dodoma na jirani aliyekuwa anarudi na treni ya SGR. Seti ya pedi nne za akiba, zile za kubandika kwenye ngozi, 18,000. Betri ya volti tisa ya kuchaji, ile ya mstatili, pamoja na chaja yake, 32,000. Jumla 260,000. Hiyo ni ya siku ya kwanza. Ya kila mwezi ipo, nitaisema, na ndiyo sababu kubwa iliyofanya nikipe nyota tatu na nusu badala ya tano.

Mimi ni fundi redio. Kibanda changu kipo jirani na soko la Majengo; natengeneza redio, sabufa, TV, na siku hizi zaidi ni chaja na vifaa vya sola. Kitu chenye waya na betri huwa sikiogopi. Hiki nilikiogopa. Kinapitisha umeme kwenye tumbo la mdogo wangu aliyepooza, ili aweze kukohoa, na tumbo lake halisikii hata ukilimwagia chai ya moto.

Dogo ana miaka 28. Alikuwa kuli soko la mahindi la Kibaigwa. Julai mwaka jana wakiwa wanapakia Fuso, gunia la kilo mia likateleza kutoka juu ya shehena likamshukia shingoni. Pingili ya tano ya shingo. Leo mabega anayapandisha, viwiko anavikunja, vidole hapana, na kuanzia kifuani kwenda chini hakuna taarifa inayofika. Alikaa ICU siku 41 akipumuliwa na mashine, siku kumi za kwanza bomba likipita mdomoni, zilizobaki likipita kwenye tundu la shingoni.

Kila alipotaka kupata nafuu, makohozi yalimrudisha nyuma. Hili sikulielewa mpaka daktari mmoja kijana aliponichorea nyuma ya karatasi ya majibu ya damu, tena kwa lugha yangu ya nyaya. Kuvuta pumzi ni kazi ya kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na waya wake unatoka pingili ya tatu, ya nne na ya tano za shingo. Kukohoa ni kazi ya misuli ya tumbo, ambayo nyaya zake zinatokea chini zaidi, kuanzia katikati ya mgongo mpaka kiunoni. Laini ya Dogo imekatikia juu ya hapo. Kiwambo kimebaki na umeme hafifu kama taa ya nyumba ya mwisho kijijini. Tumbo ni giza. Halafu akaweka kalamu chini ya sehemu iliyokatika, akasema nyaya za kutoka hapa kwenda tumboni ni nzima, zimekosa tu wa kuzituma. Ukileta umeme kutoka nje, msuli unaitika.

Na hicho kiwambo nacho, mashine ikikipumzisha sana, kinanywea. Upo utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 ambao walipima viwambo vya watu 14 waliokuwa wamekufa ubongo, wakawa wanapumuliwa na mashine kwa saa 18 mpaka 69 kabla ya viungo vyao kutolewa kwa wagonjwa wengine. Nyuzi za msuli zilikuwa zimepungua unene kwa zaidi ya nusu. Saa 69 hazifiki hata siku tatu. Niliposoma hivyo Dogo alikuwa na siku ya 19. Siku walipojaribu kwanza kumwachia apumue mwenyewe alidumu dakika nne, midomo ikaanza kubadilika rangi, wakamrudisha.

Habari za umeme zililetwa na dada wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo. Idara yao ilikuwa na mashine ya kushtua misuli wanayoitumia kwa mikono ya wagonjwa wa kiharusi. Akaomba ruhusa kwa daktari, akambandika Dogo pedi nne, mbili kila upande, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, zikielekea mgongoni kidogo. Mashine ya kupumulia ikisukuma hewa, kifua kinapanda. Ikiachia tu, dada anabonyeza, tumbo linajikaza na hewa inatoka kwa kishindo kidogo. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, siku tano kwa wiki. Mara ya kwanza kuliona tumbo la mtu asiyeweza kujigeuza kitandani likijikaza kama la mtu anayenyanyua gunia, nilitoka nikasimama koridoni.

Sitasema umeme ndio uliomtoa kwenye mashine. Wiki hiyohiyo walibadilisha dawa ya nimonia, wakaanza kumwinua kidogo kidogo kitandani, na walikuwa na ratiba yao ya kumpunguzia mashine mchana na kumrudishia usiku. Nani kafanya nini hakuna anayeweza kunitenganishia. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba manesi walipunguza safari za kuja kumnyonya makohozi usiku, na zile dakika nne zikawa ishirini, zikawa saa mbili, zikawa kutwa. Novemba bomba la shingoni likatolewa. Desemba tukarudi nyumbani, na dada wa fizio akatoa sharti moja: zoezi la tumbo lisife, maana mtu wa namna hii mafua tu yanaweza kumrudisha ICU.

Hapo ndipo nikafanya kosa la fundi anayejiamini. Nilienda kununua kimashine cha 35,000 kwa muuzaji mmoja wa mkononi hapa mjini, kimeandikwa kwenye boksi kwamba kinaondoa maumivu, kinapunguza kitambi na kinatibu usingizi. Kina vipepeo viwili vya kubandika na vitufe sita vya masaji. Nikampelekea dada wa fizio kwa furaha. Akakitazama, akacheka kwa adabu.

"Kaka, hiki ni cha maumivu ya mgongo. Kinatekenya ngozi. Mimi nataka kinachokaza msuli kwa sekunde moja au mbili, kisha kiache, na nataka mimi ndiye niseme lini."

Basi hapo ndipo penye tofauti, na ukienda dukani uishikilie. Viko vimashine vya kutuliza maumivu na viko vya kukaza misuli, kwa nje vinafanana kama mapacha. Cha misuli lazima uweze kupanga vitu vitatu: mapigo mangapi kwa sekunde, upana wa kila pigo, na muda wa kukaza na kuachia. Sisi tuko kwenye hezi 40 na mikrosekunde 300. Halafu, na hiki ndicho nilichokitafuta wiki mbili, kiwe na swichi ya mkononi yenye waya wake, ili anayehudumia abonyeze mgonjwa anapotoa pumzi. Vingi vinajiendesha vyenyewe: sekunde nne vinakaza, sekunde nne vinaacha. Kwa goti la mchezaji mpira inafaa. Kwa mtu anayepumua haifai, kwa sababu pumzi haifuati saa. Ukimkaza tumbo wakati anavuta hewa unamkaba.

Hicho cha 35,000 mama mdogo anakitumia kiunoni, anasema kinamsaidia. Sawa.

Sasa chenyewe. Ni kisanduku cha ukubwa wa rimoti nene, plastiki ya kijivu, kioo kidogo, njia mbili za kutolea umeme, kila moja na kirungu chake cha kupandisha. Virungu vimewekewa kifuniko cha kuteleza ili mtu asiviguse kwa bahati mbaya. Aliyefikiria hilo nampa mkono. Nyaya ni nyembamba mno. Moja ilianza kukatika kwenye shingo ya plagi mwezi wa tatu, nikaivua, nikaichomelea risasi, nikaivika mpira wa kusinyaa, mpaka leo inadunda. Asiye fundi angenunua mpya, 15,000.

Kabla hakijamgusa Dogo nilikipima. Unaweka rezista ya omu 500 mahali pa ngozi, unachomeka osiloskopu, kifaa kinachokuchorea umeme unaopita. Kioo kikiandika miliampia 60, betri ikiwa imejaa, nilipata volti 29, ambayo ni miliampia 58. Safi kabisa. Nikaendelea kukitumia mpaka betri ikashuka volti 7.2, nikapima tena. Kioo bado kinaandika 60. Osiloskopu inaonyesha volti 19, yaani miliampia 38. Kwa maneno mengine, betri ikichoka kimashine kinakudanganya usoni. Taa ya betri ndogo inawaka imeshachelewa. Kwa hiyo sisi tunabadilisha betri kila baada ya siku nne, iwe imelia au haijalia, na kama tumbo halikazi kama jana tunashuku betri kwanza kabla ya kupandisha kirungu. Ukipandisha kirungu kwa betri iliyochoka, halafu mtu akaja akaweka betri mpya bila kurudisha sifuri, mgonjwa anapigwa na umeme wote kwa mpigo mmoja.

Na mafundi wenzangu, najua mnachowaza: kwa nini asikitengenezee adapta ya ukutani, ahangaike na betri? Usithubutu. Chenye betri hakina njia ya kukutana na umeme wa nyumba hata mambo yaharibike vipi. Adapta ya elfu nane ikipasuka ndani, volti 230 zinapitia tumboni kwa mtu asiyeweza kujinasua.

Baada ya rezista nilijipima mimi. Nililala kwenye mkeka, nikabandika pedi, nikapandisha taratibu. Kwenye 10 kama siafu wanatembea. Kwenye 18 ngozi inavuta. Kwenye 27 nilikunjamana kama kisu cha kukunja na nikatoa sauti ambayo mtoto wa jirani anaiiga hadi leo. Dogo tunamwendesha kwenye 65, na uso wake hausemi kitu. Hapo ndipo hatari yake ilipo: maumivu ndiyo kengele, na yeye kengele yake haina waya. Macho yako ndiyo kengele. Tunaanza sifuri kila siku, tunapandisha huku tukitazama tumbo, na likikaza vizuri pande zote mbili tunaishia hapo, hata kama jana ilikuwa zaidi.

Kwa kubonyeza mimi ni wa tatu nyumbani. Wa kwanza ni mama.

Nilimfundisha mke wangu, nikajifundisha mwenyewe, wote tukawa tunachelewa. Unamwona Dogo anatoa pumzi, unabonyeza, lakini kimashine hakirushi umeme wote papo hapo, kinaupandisha kwa nusu sekunde ili msuli usishtuke vibaya, kwa hiyo tumbo linakaza pumzi ikiwa imeshaisha na nyingine inaingia. Dogo anakereka. "Kaka, unanikaba tena." Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mlenda, akaomba ile swichi. Mama ujanani alikuwa mpigaji wa muheme huko Mvumi. Ile ngoma ya wanawake inayobanwa mapajani, asiyeijua akatafute video. Akamtazama mwanawe shingoni, hapo kwenye kovu la tundu, kama pumzi nne tano hivi, kisha akaanza kubonyeza. Kila mara alitangulia kidogo, kama unywele. Tumbo likawa linakaza pamoja na pumzi inavyoshuka, na Dogo akatoa sauti ya "haa" ndefu ambayo sikuwa nimeisikia tangu Kibaigwa.

Nikamuuliza anajuaje. Akasema, "Baba, mchezaji hapigiwi mguu ukishatua. Anapigiwa mguu ukiwa unashuka."

Nimejaribu. Napata pumzi saba kati ya kumi. Mama anapata zote huku anaongea na jirani dirishani.

Nisilifiche na kosa langu kubwa. Jumapili moja mwezi Machi, mama yuko kanisani, mimi ndiye zamu. Nilimlaza Dogo ubavu kidogo ili nibandike pedi za nyuma, nikamrudisha, nikawasha. Dakika ya sita akaniambia kichwa kinamgonga. Nikasema labda jua. Dakika ya nane uso ukawa mwekundu kwa weusi wake wote, jasho linamtiririka kwenye paji la uso, na vinyweleo vya mikono vimesimama. Presha yake ya kawaida ni 95 kwa 60, maana watu waliovunjika juu namna hii presha yao huwa chini. Nikafunga mashine ya presha mkononi: 182 kwa 101.

Dada wa fizio alikuwa ametufundisha hili na kutukaririsha, tena alisema si la kusubiri daktari. Mtu aliyevunjika juu ya katikati ya kifua, kitu chochote kinachomsumbua huku chini asikokusikia, kibofu kilichojaa, choo kigumu, kidonda, hata umeme huu, kinaweza kuupandishia mwili presha ghafla mpaka mshipa wa kichwani ukapasuka. Nikazima, nikang'oa pedi, nikamkalisha wima miguu ikining'inia, nikamfungua suruali, halafu nikaanza kutafuta chanzo. Mpira wa mkojo ulikuwa umebanwa chini ya paja lake. Nilimlalisha juu yake mimi mwenyewe wakati namgeuza. Nilipounyoosha, mkojo ulijaa mfukoni kwa kasi kama bomba la mtaa maji yakirudi. Baada ya dakika kumi na mbili presha ilikuwa 118. Mimi ndiye niliyebaki natetemeka.

Tangu siku hiyo kuna utaratibu: mpira wa mkojo unakaguliwa kwanza, presha inapimwa kabla na katikati, ndipo swichi inashikwa. Karatasi ya mwongozo iliyokuja na kimashine imeandika onyo kuhusu betri ya moyo, wajawazito na wenye kifafa, na kwamba pedi zisiwekwe kifuani wala kooni. Hili la presha haina hata mstari, na katika haya yote ndilo linaloua haraka. Nyota nusu imeondokea hapo.

Nyota nzima imeondokea kwenye pedi.

Pedi ni vile vipande vya mpira laini vyenye gundi ya majimaji upande mmoja, sentimita tano kwa tisa. Zinatakiwa zitumike mara ishirini mpaka thelathini. Januari, mvua zikiwepo, seti moja ilinifikisha wiki tatu. Juni na Julai, wenyeji mnajua, upepo wa Dodoma unakausha hadi ulimi na vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Siku kumi, pedi imekuwa kama sapatu. Seti tatu kwa mwezi ni 54,000, na nauli ya kifurushi kwenye basi juu yake. LUKU ya nyumba yetu nzima haifiki hapo. Hakuna duka Dodoma nililozipata kwa ukubwa huo. Zilizopo ni ndogo za mviringo, na ndogo zinakusanya umeme sehemu moja.

Pedi iliyokauka si suala la kubanduka tu. Umeme unatafuta pale penye unyevu, unapita wote kwenye kona moja. Juni Dogo alipata alama nyekundu ya ukubwa wa sarafu ya mia, ikakaa siku tatu. Hakuisikia. Kwa ngozi ya mtu aliyelala muda wote, alama ya siku tatu si ya kuchezea, hivyo ndivyo vidonda vinavyoanza.

Tumejifunza mbinu. Ngozi inafutwa kwa maji na kitambaa safi, inakauka, ndipo unabandika. Mafuta ya mgando ni mwiko siku ya zoezi; wiki mbili za mwanzo tuliilaumu gundi kumbe shemeji yake alikuwa anampaka kila asubuhi kwa upendo. Nywele zinapunguzwa kwa mkasi, wembe unakwaruza. Ukimaliza, tone moja la maji kwenye gundi, unairudishia kwenye plastiki yake, unaitia kwenye kopo la Blue Band lenye pamba mbichi, kifuniko kinafungwa. Kwa njia hiyo Julai hii nimefika siku kumi na tano.

Naulizwa sana, na watu wenye nia njema, kwa nini tusimpeleke nje wakamwekee "ile ya kwenye mapafu". Nimeisoma sana hiyo, nilikesha nayo kwenye simu zile siku za ICU. Kwanza si ya mapafu, ni nyaya za umeme za kwenye kiwambo. Christopher Reeve, yule mwigizaji wa Marekani aliyeanguka na farasi mwaka 1995, alitiwa nyaya kwenye kiwambo mwaka 2003 huko Cleveland, madaktari wakipitia vitundu vidogo tumboni. Yeye alivunjika juu kabisa ya shingo, kiwambo hakikuwa na amri hata kidogo, na umeme ukamwezesha kukaa bila mashine kwa muda. Iko nyingine ya kampuni ya Lungpacer iliyoanzia Kanada, wanapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa damu wa shingoni mpaka karibu na neva ya kiwambo, kwa ajili ya wagonjwa walionasa kwenye mashine ICU. Lakini Dogo kiwambo chake kinafanya kazi. Kilichokufa ni kikohozi. Kumwekea ile ni sawa na kubadilisha spika wakati kilichoharibika ni waya wa antena.

Tena umeme si dawa ya kila pumzi. Waingereza waliwawekea nyaya za kiwambo wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaokula neva zenyewe, kwa kuwalinganisha na wasiowekewa. Matokeo yalitoka 2015: waliowekewa waliishi wastani wa miezi 11, wasiowekewa miezi 22 na nusu. Ndiyo maana mtu akinipigia kuuliza kimashine hiki kwa ajili ya babu yake mwenye pumu, au mgonjwa aliyevunjika katikati ya mgongo ambako nyaya za tumbo zenyewe zinaanzia, namwambia aonane na mtu wa fizio kwanza, asinitumie hela ya kumnunulia.

Matokeo kwetu ni haya. Dada wa fizio ana kipimo cha plastiki ambacho mtu anakohoa ndani yake na kishale kinapanda, lita kwa dakika. Wenyewe wanasema chini ya 160 kikohozi hakitoi kitu, na ukivuka 270 una akiba hata ukishikwa na kifua. Januari Dogo bila umeme alikuwa 130, na umeme, mama akibonyeza, 175. Wiki iliyopita bila umeme 185, na umeme 240. Hapo katikati alipata mafua mwezi wa nne, ya nyumba nzima, watoto wote pua zinavuja. Siku tatu tulikuwa tunamkohoza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mama na swichi, mimi na mikono miwili chini ya mbavu nasukuma alivyonifundisha dada, mke wangu na beseni. Siku ya pili usiku lilitoka donge la kijani la ukubwa wa punje ya mahindi. Dogo alilitazama kwenye beseni, akasema, "Hilo ndilo lililonikalisha ICU." Hakurudi wodini.

Kwa hiyo nunueni kama mna mtu wa fizio wa kuwaanzishia, mashine ya presha nyumbani, na 60,000 ya kila mwezi ambayo haitaenda kwenye chakula. Mkikosa kimojawapo, subirini. Mkinunua, ulizeni swichi ya mkononi kabla ya kuuliza rangi.

Swichi yenyewe ina kasoro moja ya mwisho. Kitufe chake ni kidogo kama cha kalamu, na Dogo amekuwa akitaka abonyeze mwenyewe. Sikufungua kitu ndani. Nilikata kisigino cha ndala ya zamani, nikakichonga duara, nikakibandika juu ya kitufe kwa gundi ya viatu, nikafunga swichi yote kwenye ubao mdogo unaokaa mapajani kwake. Sasa anainua mkono kwa bega, anaudondosha, kiganja cha nje kinagonga ndala. Jana alijikohoza mara kumi na moja peke yake, sisi tuko jikoni tunasikia tu. Mama anasema anachelewa.